Sheria Bila Injili: Kumsoma Euphrase Kezilahabi kama Watumishi wa Neno

Jina la Euphrase Kezilahabi linafahamika kwa wachungaji wengi kwa sababu ya kitabu kimoja, na mara nyingi hutajwa kwa kunong'ona. Kitabu hicho ni Rosa Mistika, kilichotoka mwaka 1971 na kupigwa marufuku mashuleni muda si mrefu baadaye. Mimi nilikisoma nikiwa mwanafunzi wa sekondari, kikiwa kimefunikwa kwa gazeti ili jalada lisionekane. Mlezi wetu wa bweni alipokigundua alikichukua, akatuambia kwamba kijana wa Kikristo hana haja ya kuyajua mambo ya namna ile. Sikukishika tena mpaka nilipokuwa mchungaji mwenye miaka kadhaa ya utumishi. Safari hiyo nilikitafuta mwenyewe, kwa sababu ya mazishi nitakayoyataja mwishoni mwa makala haya.

Nia yangu si kumtetea mwandishi huyu mbele ya wale wanaomwona kuwa mpotoshaji wa vijana. Wala sikusudii kumvika joho na kumpandisha mimbarani, jambo ambalo yeye mwenyewe asingelikubali. Hoja yangu ni moja. Kezilahabi aliiandika Sheria, yaani hukumu inayomfunga mwanadamu pande zote, kwa ukamilifu ambao mahubiri yetu hayaufikii mara nyingi. Kisha akanyamaza mahali ambapo Injili ingepaswa kusema. Kabla hatujamlaumu kwa ukimya huo, inatupasa kuuliza kama katika sharika zetu mahali hapo pana sauti.

Maisha na kazi yake

Kezilahabi alizaliwa tarehe 13 Aprili 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe, akafariki dunia mwezi Januari 2020. Kisiwa hicho kidogo kilimzaa pia Aniceti Kitereza (1896-1981), aliyesoma katika seminari ya Rubya na kuandika kwa Kikerewe riwaya ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, iliyotoka kwa Kiswahili mwaka 1980. Inafaa kuwataja wawili hawa pamoja. Kitereza, mzee wa kizazi cha kwanza cha wasomi wa misheni, aliandika ili maisha ya zamani yasisahauliwe, na katika kitabu chake ulimwengu wa Wakerewe bado ni mzima. Kezilahabi, aliyezaliwa karibu miaka hamsini baadaye, aliandika juu ya ulimwengu uleule ukiwa umekwisha kupasuka.

Yeye pia alipita seminari, ile ya Nyegezi karibu na Mwanza. Njia ya upadre hakuifuata. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akahitimu mwaka 1970, na mwaka uliofuata riwaya yake ya kwanza ikatoka. Baadaye alifundisha chuoni hapo, na mwaka 1976 akakamilisha tasnifu ya shahada ya uzamili juu ya riwaya za Shaaban Robert. Shahada ya uzamivu aliipata mwaka 1985 katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, kwa utafiti uliohusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Sehemu ya mwisho ya ualimu wake aliifanyia katika Chuo Kikuu cha Botswana.

Kwa jumla alituachia riwaya sita: Rosa Mistika (1971), Kichwamaji (1974), Dunia Uwanja wa Fujo (1975), Gamba la Nyoka (1979), Nagona (1990) na Mzingile (1991). Diwani zake ni tatu: Kichomi (1974), Karibu Ndani (1988) na Dhifa (2008). Aliandika pia tamthiliya ya Kaptula la Marx na hadithi fupi kadhaa, mojawapo ikiwa Mayai Waziri wa Maradhi, ambamo kejeli yake dhidi ya wenye madaraka ni kali sana.

Kuchagua kwake kumsoma Shaaban Robert kwa kina hakukuwa jambo la bahati. Katika hadithi za Shaaban Robert watu hupewa majina ya fadhila zao. Adili ni mwadilifu, Utubora ni mtu bora, na mwisho wa hadithi wema hupata thawabu yake. Kezilahabi aliijua kanuni hiyo vizuri, ndiyo maana aliweza kuigeuza. Kijana wa Dunia Uwanja wa Fujo anaitwa Tumaini, naye anaishia kunyongwa kwa kosa la kuua. Msomaji aliyelelewa na Shaaban Robert hawezi kufika mwisho wa kitabu hicho bila kutikisika.

Ushairi usio na vina, na Zaburi

Kichomi ilipotoka mwaka 1974 ilizua ubishi ambao wanafunzi wetu wengi wamesimuliwa tu. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alikuwa amechapisha Sheria za Kutunga Mashairi, na kwa wengi ushairi wa Kiswahili ulikuwa ni utungo wenye vina na mizani, unaoweza kuimbwa. Kezilahabi alileta mashairi yasiyofuata vina wala idadi ya silabi, yaliyo karibu na mazungumzo ya mtu na nafsi yake. Wanajadi walisema kwamba hayo si mashairi. Upande wa pili walikuwapo wengine, kama Mulokozi na Kahigi, waliotaka mlango ufunguliwe kwa aina zote mbili.

Sisi tunaofundisha Agano la Kale tungeweza kuuchangia ubishi huo, lakini sehemu kubwa tulinyamaza. Zaburi za Kiebrania hazijengwi kwa vina vya mwisho wala kwa mizani ya kuhesabu silabi kama tuijuavyo. Hujengwa kwa mawazo yanayoitikiana, mstari wa pili ukirudia, ukipinga au ukiendeleza ule wa kwanza. Mathias Mnyampala, mshairi Mkristo wa Ugogo, alizitungia Zaburi utenzi wenye vina, na kazi hiyo ni ya heshima. Lakini Daudi hakuhitaji vina ili awe mshairi. Anayesema kwamba utungo usio na vina si ushairi, amekitoa kitabu kizima cha Zaburi nje ya ushairi bila kukusudia.

Jambo lililo zito zaidi kwetu ni kile ambacho umbo hilo huru lilimruhusu kukisema. Kichomi ni maumivu yachomayo kifuani, ambayo mtu huyasikia kila avutapo pumzi. Katika shairi liitwalo Dhamiri Yangu, msemaji anaieleza dhamiri yake kuwa kamba inayomfunga kama mnyama aliyefungiwa mtini. Anaona mbali, anatamani, lakini kamba ni fupi. Hakuna anayemchapa, na bado hayuko huru. Mwanafunzi wa theolojia akumbuke hapa Warumi 7. Akumbuke pia kwamba Luther, mbele ya Baraza la Worms mwaka 1521, alikiri kuwa dhamiri yake imefungwa. Tofauti iko katika swali la nani ameishika kamba. Dhamiri ya Luther ilikuwa mateka wa Neno la Mungu, kwa hiyo kufungwa kwake kulimpa uhuru mbele ya mfalme na mbele ya papa. Dhamiri ya msemaji wa Kezilahabi imefungwa kwenye utu wake mwenyewe, na upande wa pili wa kamba hakuna mtu wa kumwita.

Rosa na Sheria iliyokuja mara mbili

Hadithi ya Rosa Mistika ni nyepesi kuisimulia. Zakaria, mwalimu wa zamani aliyeshindwa na pombe, anamlea binti yake Rosa kwa ukali usio na kifani. Barua ya kijana Charles inamletea Rosa kipigo kikubwa. Anakua bila kufundishwa lolote kuhusu wanaume isipokuwa kuwaogopa. Anapofika shule ya bweni na baadaye chuo cha ualimu, mbali na macho ya baba, ule woga unageuka kuwa kinyume chake. Watu wenye vyeo wanamtumia, anatoa mimba, jina lake linachafuka. Baadaye anabadilika na kutaka kuanza upya. Charles, ambaye sasa ndiye mchumba wake, anapogundua kwamba si bikira anamwacha. Rosa anajiua.

Waliokipiga kitabu hiki marufuku waliona sehemu ya katikati tu, yaani uasherati. Mimi naomba tuitazame mianzo na mwisho. Sheria inamjia Rosa mara mbili. Mara ya kwanza inakuja kwa fimbo ya baba mlevi, na hapo hata msomaji mwenye msimamo mkali huona kwamba pana kasoro. Mara ya pili inakuja kwa kijana msomi, mstaarabu, asiyempiga mtu, ambaye ametaka tu kile ambacho kila mzazi wetu angemfundisha kutaka. Hapo wengi wetu hatuoni kasoro yoyote. Lakini ni ile Sheria ya pili inayoua. Fimbo ya Zakaria ilimkuta Rosa akiwa hana hatia. Neno la Charles linamkuta akiwa amekwisha kutubu. Toba ile haikupata mtu wa kuipokea. Mtume Paulo anaposema katika 2 Wakorintho 3:6 kwamba andiko huua, sisi hufikiria Mafarisayo. Kezilahabi anatuonyesha andiko likiua kwa adabu na kwa sauti ya upole.

Lugha ya seminari haikumtoka mwandishi, nayo inaonekana wazi katika majina. Rosa Mistika ni sifa ya Bikira Maria katika Litania ya Loreto, waridi lenye fumbo. Mama yake Rosa ni Regina, malkia, ambaye nyumbani kwake hatawali chochote. Mmoja wa wanaume wanaomtumia Rosa ni Deogratias, yaani shukrani kwa Mungu. Zakaria wa Luka 1 alifungwa kinywa mpaka mtoto wa ahadi alipozaliwa. Zakaria huyu hakufungwa kinywa kamwe, wala mkono. Msomaji wa haraka atasema kwamba hii ni dhihaka kwa dini. Kwa maoni yangu ni mashitaka ya mtu wa ndani. Watu hawa wamebatizwa, wamepewa majina yaliyojaa neema, na katika maisha yao yote hakuna anayewatendea kwa jina hilo.

Zaburi isiyo na mwanga mwishoni

Katika Kichwamaji giza linaongezeka. Kazimoto, kijana wa chuo kikuu, ndiye anayejisimulia. Manase, rafiki yake wa tangu utotoni, amemharibu dada yake, naye Kazimoto anapanga kulipiza kisasi kwa Sabina, dada wa Manase. Badala yake anampenda na kumwoa. Lakini yaliyotendwa zamani hayamwachii. Maradhi yanaingia katika ndoa, mtoto anazaliwa na kichwa kikubwa na kufa, na mwishowe Kazimoto anajiua. Kisomo chote alichonacho kimemsaidia kuuliza kama maisha yana maana, hakikumsaidia kujibu.

Mara nyingi nimesikia katika vikao vyetu kwamba vitabu vya namna hii havifai kwa sababu havina tumaini. Kwa wasemao hivyo naomba wafungue Zaburi 88. Zaburi nyingi za maombolezo hugeuka kabla ya mwisho, mlalamikaji akaanza kusifu. Ile ya 88 haigeuki. Inaanza kwa kilio na inaishia gizani, rafiki na jirani wakiwa mbali. Wazee waliozikusanya Zaburi hawakuiondoa, wala hawakuiongezea beti za faraja. Waliona kwamba watu wa Mungu wanahitaji maneno ya saa ambayo mwanga hauonekani. Tofauti na Kazimoto ni kwamba mwomba Zaburi, hata gizani, bado anamsemesha Mungu kwa kumwita. Kazimoto anajisemesha mwenyewe. Tofauti hii ni kubwa na haifai kuifuta. Hata hivyo, kilio cha wote wawili ni kimoja, na anayeweza kukisikia cha kwanza hana sababu ya kuziba masikio kwa cha pili.

Luther, katika hoja zake za Heidelberg za mwaka 1518, alitofautisha mwanatheolojia wa utukufu, ambaye huliita ovu jema, na mwanatheolojia wa msalaba, ambaye hukiita kila kitu kwa jina lake halisi. Kezilahabi hakuwa mwanatheolojia wa msalaba, kwa maana msalaba hauonekani katika vitabu vyake kama mahali pa wokovu. Lakini sehemu ile ya kuviita vitu kwa majina yake aliitimiza, na wengi wetu tuliowekewa mikono bado hatujaitimiza.

Upungufu wake, na jaribu letu

Isidhaniwe kwamba kazi zake hazina dosari. Katika Rosa Mistika msimulizi huingilia kati mara kwa mara ili atufundishe wazazi namna ya kulea, na hapo anakuwa mhubiri kuliko sisi. Rosa anatendwa zaidi kuliko anavyofikiri. Tunajua yaliyompata, lakini mawazo yake hatuyasikii kama tunavyoyasikia ya Kazimoto. Vifo hufuatana kwa kasi inayopunguza uzito wa kila kimoja. Nagona na Mzingile, ambamo msafiri anatafuta ukweli miongoni mwa wanafalsafa, ndoto na Ngoma Kuu, na ambamo anatajwa mkombozi wa pili, ni vitabu vifupi vyenye fikra pana. Lakini ugumu wake umewaacha nje wasomaji walewale wa vijijini ambao mwandishi aliwapigania katika riwaya zake za awali.

Liko pia jaribu letu sisi. Mchungaji akiyaona majina ya diwani tatu kwa mfuatano wake, Kichomi, Karibu Ndani, Dhifa, anaweza kushawishika kuandaa hubiri: maumivu, mwaliko, kisha karamu ya Bwana. Mimi mwenyewe niliwahi kuanza kuliandika, nikaliacha. Dhifa ya Kezilahabi si Meza ya Bwana, na kumbatiza mwandishi bila ridhaa yake ni kumwibia ukweli wake. Isitoshe, ni kujiondolea mashitaka. Tukimfanya awe shahidi wetu, hatutasikia tena anapotushitaki.

Mazishi niliyoyaahidi

Katika usharika mmoja niliowahi kuhudumu, binti mmoja wa kwaya alijitoa uhai. Alikuwa amepata mimba nje ya ndoa, akawekwa nyuma na baraza la wazee. Alikuwa ameomba kurudi kundini, na ombi lake lilikuwa linasubiri kikao. Aliyekuwa amemposa alikuwa amekwisha kuvunja uchumba. Usiku wa msiba baraza liliamua kwamba kengele isipigwe na mchungaji asivae joho. Nilikubali. Nilisimama ukingoni mwa kaburi nikiwa na koti langu la kawaida, mwinjilisti akaomba sala fupi, tukafukia. Watu walipoanza kutawanyika mama yake alinijia, akaniuliza: "Baba Mchungaji, mwanangu hana hata neno?"

Sikuwa na jibu. Baadaye nilisoma tena mazungumzo ya mezani ya Luther, ambamo anakataa kusema kwamba kila ajiuaye amepotea, akimlinganisha na msafiri aliyevamiwa na mnyang'anyi msituni. Mafundisho hayo nilikuwa nimeyasoma chuoni na kuyajibia mtihani. Siku ile hayakunijia. Kilichonijia njiani kurudi nyumbani ni Rosa, na nikatambua kwamba katika hadithi ile mimi sikuwa msomaji. Nilikuwa Charles.

Kwa sababu hiyo nina mapendekezo matatu kwa vyuo vyetu na kwa ndugu zangu walio katika utumishi. Kwanza, Rosa Mistika na Kichwamaji visomwe katika somo la huduma za kichungaji, sambamba na Katekisimo Ndogo, hasa sehemu ihusuyo maungamo, ambapo Luther anafundisha kwamba maungamo yana sehemu mbili, kuungama na kupokea ondoleo. Wanafunzi waulizwe mahali ambapo Rosa aliungama na ni nani aliyepaswa kumtamkia ondoleo. Pili, sharika zinazoendelea na utaratibu wa kuwaweka watu nyuma ziangalie kwamba kurudishwa kundini hakusubiri kalenda ya vikao. Nidhamu ambayo mlango wake wa kutokea haujulikani ni fimbo ya Zakaria, hata ikiwa imeandikwa katika katiba ya usharika. Tatu, penye kaburi la aliyejiua Neno lisomwe, kwa kuwa waliosimama pale wako hai, na baadhi yao wamebeba mzigo uleule aliokuwa nao marehemu.

Kezilahabi alituonyesha nyumba ambamo Sheria imesema kila neno lake na hakuna aliyebaki wa kujibu. Hakuwa na deni la kutuandikia zaidi ya hapo. Sisi tuliokabidhiwa neno la pili ndio wenye deni, na kwa mama yule bado sijalilipa. Tangu siku hiyo sijamzika mtu yeyote bila joho na bila Neno, na wazee wa usharika ninaouhudumu sasa wanalijua hilo.